Maswali ya Bustani: Asta, krisantemu na maua mengine ya kudumu

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: ua lililonunuliwa kuwa la kudumu limekufa, limedumaa au limegoma kuchanua. Kuna jambo moja litakalojirudia katika majibu, basi tulitangulize. Maelekezo ya kwenye pakiti nyingi za mbegu yameandikiwa nchi zenye majira manne, ambako mchana wa Juni huupita wa Desemba kwa saa nyingi, na baridi huja kuilaza mimea. Uganda imepitiwa na mstari wa ikweta. Hapa mchana ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima, na kinachotofautisha miezi ni mvua. Mmea unaohesabu urefu wa usiku, au unaongoja baridi ndipo uamke, hupotea hesabu ukifika kwetu.

Swali: Nilinunua pakiti ya mbegu za asta hapa Kampala. Ziliota vizuri, maua yakatoka makubwa, ya zambarau na ya waridi, kisha mimea yote ikakauka. Nilikuwa nimeambiwa asta ni ua la miaka mingi. Nilikosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Ntinda

Jibu: Hukukosea, mama, jina ndilo lililokuchezea. Linabebwa na mimea miwili isiyo sawa. Ya kwanza ni asta ya Kichina, ambayo kwenye pakiti huandikwa Callistephus chinensis. Hiyo ni ya msimu mmoja tu: unaisia, inachanua miezi mitatu hadi minne na nusu baadaye, inatoa mbegu, inakufa. Ya pili ndiyo asta ya kudumu, ambayo vitabu vya zamani vinaiita Aster na lebo za siku hizi Symphyotrichum, kwa sababu wataalamu wa mimea walizihamisha asta za Amerika ya Kaskazini kwenye jina hilo katika miaka ya 1990. Ukikuta Symphyotrichum novi-belgii au Symphyotrichum novae-angliae, hapo umepata ya miaka mingi. Wauzaji huandika "asta" kwa zote mbili bila nia mbaya.

Hata pasipo lebo utazitambua. Ua la asta ya Kichina lina upana wa sentimita 7 hadi 10, mara nyingi limejaa petali mpaka kitovu hakionekani, na mmea umesimama kwa shina moja kuu. Ya kudumu ina maua madogo, sentimita 2 hadi 5, kitovu cha njano wazi, vikonyo vyenye matawi mengi, na chini kwenye shina utaona machipukizi mapya yakitoka ardhini. Machipukizi hayo ndiyo bima ya mwaka ujao. Mche usio nayo, hata ukisifiwa vipi, usiulipie bei ya ua la kudumu.

Ukitaka kuendelea na asta ya Kichina, hakuna ubaya, ni ua zuri la kukata. Sia mbegu mpya kila baada ya wiki tano au sita ili usikose maua, uzifukie milimita 3 hadi 5 tu, nawe utaziona zikichomoza siku ya 8 hadi ya 14. Mbegu zake huchoka upesi. Zilizokaa dukani mwaka wa pili huota chache. Lakini usizirudishe kwenye tuta lile lile. Ina ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na ukungu wa fuzari unaokaa udongoni miaka mingi: mmea hulegea upande mmoja, na ukilipasua shina karibu na ardhi unakuta mistari ya kahawia ndani. Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioupata. Ng'oa, choma, na tuta hilo lipe mimea ya ukoo mwingine.

Kwa asta ya kudumu usihangaike na mbegu; aina zenye majina hazirudi kama mama yake zikipandwa kwa mbegu. Nunua mche uliogawanywa. Mchagua jembe si mkulima, lakini mchagua mche hana budi kuwa mkulima: kwenye vitalu vya kando ya barabara, usivutiwe na kiriba kilichojaa maua. Kigeuze uone chini. Mizizi ikiwa imetoboa na kuzunguka kama kamba, mche umekaa humo muda mrefu mno. Pindua majani uangalie utitiri na vidukari. Nusa udongo, ukinuka uozo, mizizi imeshaanza kufa kwa maji ya kupita kiasi. Mche mfupi, wa kijani iliyokolea, wenye machipukizi matatu au manne na bila ua hata moja, ndio wa kuchukua.

Swali: Ndugu yangu aliniletea asta za kudumu kutoka Uingereza, na kibali kilikuwapo. Pakiti ilisema zitafika mita moja. Huku kwetu zina mwaka, hazijazidi sentimita 20, zimelala chini kama kabichi, zinatoa viua vichache na kunyamaza. Nimeweka samadi mara tatu.
Mwalimu, Kabale

Jibu: Mwalimu, samadi acha kwanza. Tatizo ni saa, wala si njaa.

Asta hizi kwao huota hivi: siku zinaporefuka, vikonyo hunyanyuka na kurefuka, siku zinapofupika, ncha za vikonyo hugeuka matumba. Yaani kurefuka kunataka mchana mrefu na kuchanua kunataka usiku mrefu, kwa kufuatana. Kwenye ikweta hatua ya kwanza haipo. Usiku una karibu saa 12 tangu siku ulipopanda, kwa hiyo mmea unaamini majira ya kunyanyuka yamepita, unakaa kama sahani ya majani, na ukijaribu kuchanua unachanua palepale chini. Ubaridi wa Kabale, ambayo iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, unaipendeza asta kuliko joto la Kampala, lakini haurefushi mchana.

Wakulima wa maua ya kukata hulidanganya jua kwa taa, nawe unaweza kufanya hivyo kwenye tuta dogo. Tundika balbu ya LED ya wati 9 au 10, yenye mwanga wa manjano-manjano, mita moja hadi moja na nusu juu ya mimea. Moja inatosha eneo la mita moja ya mraba au zaidi kidogo. Iwashe kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku kila siku, pasipo kuruka. Kinachohesabiwa na mmea ni giza lisilokatizwa. Ukilikata katikati, unaona siku ndefu. Endelea wiki nne hadi sita, mpaka vikonyo vifike sentimita 30 au 40, kisha zima kabisa. Maua yatafuata wiki sita hadi nane baadaye, juu ya vikonyo vyenye urefu wa maana. Umeme wake ni kidogo, wati 10 kwa saa nne ni uniti moja na ushei kwa mwezi mzima. Ila soketi na waya viwe vya kustahimili mvua, na kazi ya kuunga afanye fundi.

Wakati wa taa, vikonyo vikifika sentimita 15, kata ncha ya kila kimoja, sentimita 2 au 3 juu ya jani. Vitatoka viwili vitatu badala ya kimoja. Usikate tena baada ya kuzima taa, maana utakuwa unakata matumba.

Kama taa ni usumbufu, badilisha mmea. Kuna deizi ya samawati kutoka Afrika ya Kusini, Felicia amelloides, yenye ua linalofanana sana na asta: petali za bluu, kitovu cha njano, kimo cha sentimita 30 hadi 50, na haina haja ya mchana mrefu. Inataka jua kamili na udongo usiotuama maji. Kata maua yaliyonyauka, na kila miezi mitatu punguza kichaka theluthi moja. Ukikiacha kinakuwa mti mtupu wenye majani nchani. Ya pili ni Erigeron karvinskianus, deizi ndogo ya Meksiko, nyeupe inayogeuka waridi, nzuri kwenye kingo za mawe. Huyo mpe mipaka, maana hujisia mwenyewe na huwa hakumbuki shamba ni la nani.

Swali: Krisantemu zangu za karibu na geti zimenenepa, majani ni ya kijani kibichi, lakini mwaka wa pili huu hakuna ua. Zile za nyuma ya jiko, miche ile ile, zinachanua mpaka naona haya kuzilinganisha. Mbolea ni moja.
Msomaji wa Jinja

Jibu: Geti lako lina taa ya ulinzi, sivyo?

Krisantemu ni ndugu wa asta na tabia ya kuhesabu usiku anayo zaidi. Kwetu Uganda hilo ni neema: usiku wetu ni mrefu wa kutosha mwaka mzima, hivyo huchanua mwezi wowote. Lakini taa inayowaka usiku kucha juu ya kichwa chake humfanya aone mchana usioisha, na mmea ulio mchanani hautengenezi matumba, unatengeneza majani. Mashamba ya kandokando ya Ziwa Victoria yanayosafirisha vipandikizi vya krisantemu nje ya nchi hutumia jambo hilo hilo kwa makusudi: huwasha taa usiku ili mimea mama isichanue, iendelee kutoa machipukizi ya kukatwa. Wewe umeanzisha shamba la vipandikizi bila kujua.

Hakikisha kabla ya kung'oa. Angalia upande wa kichaka uliogeukia mbali na taa, au matawi yaliyojificha nyuma ya nguzo. Mara nyingi hapo utakuta tumba moja mbili. Ukiona matumba yaliyoanza kisha yakasimama, yamezungukwa na vijani vyembamba kama utepe, hiyo ni dalili ya usiku ulioanza kuwa mzuri ukaharibiwa, kwa mfano umeme ulipokatika siku kadhaa ukarudi.

Dawa ni giza. Njia rahisi ni kufunga taa inayowaka mtu akipita tu, au kuizungushia kikinga cha bati ili mwanga uanguke njiani na si kwenye tuta. Ikishindikana, hamisha: mwagilia asubuhi, chimba jioni na bonge la udongo lenye upana wa sentimita 20, ukate matawi nusu, upande palipo na giza la kweli. Kwa mmea wa kwenye chungu unaweza kuufunika ndoo nyeusi kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa moja asubuhi, kila siku, mpaka matumba yaonyeshe rangi. Kuruka siku mbili tatu kunakurudisha nyuma. Tangu giza lianze, hesabu wiki 7 hadi 10, kutegemea aina.

Swali: Majani ya asta na ya dalia yamepakwa kitu kama unga wa muhogo. Nilidhani ni vumbi la barabara, nikaosha, limerudi. Nimepuliza dawa ya wadudu mara mbili.
Mzee wa Mbarara

Jibu: Mzee wetu, dawa ya wadudu haiwezi kuua kisicho mdudu. Huo ni ubwiri unga, ukungu unaokaa juu ya jani na kulinyonya. Ufute kwa kidole: ukitoka kama unga, ndio wenyewe. Ukikuta badala yake vijipele vyeupe au vya waridi vilivyotuna chini ya jani, na madoa ya njano juu yake, hasa kwenye krisantemu, hiyo ni kutu nyeupe, jambo zito zaidi. Kutu nyeupe husambaa kwa vipandikizi, kwa hiyo kata na choma majani yote yenye vijipele, usichukue kipandikizi hata kimoja kwenye mmea huo, na kutu ikirudi tena ng'oa mmea mzima.

Turudi kwenye unga. Watu husema unaletwa na mvua, kumbe ubwiri unga hauhitaji jani lililolowa. Hupenda mizizi yenye kiu, hewa nzito iliyosimama, kivuli na mmea uliolishwa samadi ya kuku mpaka ukalainika. Ndiyo maana huzuka mwishoni mwa mvua, udongo unapoanza kukauka na usiku una umande. Kwa hiyo kazi ya kwanza inafanywa kwa mkasi. Kwenye kila kichaka kata vikonyo dhaifu vya katikati, theluthi moja hivi, uache upepo upite. Miche iwe sentimita 45 hadi 60 kutoka mwenzake. Ondoa majani ya chini yaliyojaa unga, usiyatupe kwenye shimo la mboji. Mwagilia shinani, asubuhi.

Kisha pulizia, na Mbarara hamkosi maziwa: sehemu 1 ya maziwa kwa sehemu 9 za maji, juu na chini ya jani, asubuhi ya jua, kila siku ya saba. Bustani itanukia kidogo kama kibuyu cha maziwa, vumilia. Njia nyingine ni kijiko kidogo cha chai cha magadi ya kupikia (yale ya kuumulia keki) katika lita moja ya maji, na matone machache ya sabuni ya maji ili dawa ishike. Usizidishe magadi, yanaunguza kingo za majani. Hizi mbili huzuia kusambaa. Jani lililokwisha kuwa jeupe lote halirudi kijani. Ikizidi, nunua salfa ya unga wa kuchanganya na maji kwenye duka la pembejeo, fuata kipimo cha kwenye pakiti, wala usiipulize jua la mchana likiwa kali, kwa sababu ikipata joto la zaidi ya nyuzi 30 huunguza majani.

Katika asta zenyewe, novi-belgii ndiyo dhaifu zaidi kwa ugonjwa huu. Novae-angliae, yenye majani yenye vinyweleo na shina gumu, huustahimili vizuri zaidi. Kama kila mwaka unapigana vita ile ile, badilisha askari.

Swali: Ua langu la kudumu limefanya kitu kama kata: katikati pamekauka, pembeni ndiko kwenye majani. Je, ligawanywe? Nieleze kama mtu asiyejua lolote.
Msomaji wa Mukono

Jibu: Ligawanywe, na mapema. Ulaya hugawanya asta kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwetu mmea haulali, hukua miezi yote, kwa hiyo mwaka mmoja hadi mwaka na nusu unatosha kuchosha kitovu.

Ngoja mvua zishike, Machi mwishoni au Septemba, na ufanye baada ya kuchanua. Siku moja kabla, mwagilia vizuri. Jioni ya kazi, kata vikonyo vyote vibaki sentimita 10 hadi 15, uchimbe kuzunguka kichaka kwa beleshi, sentimita 15 kutoka kwenye mashina ya nje, ukinyanyue chote. Kung'uta udongo uone mizizi. Chukua kisu au panga kali lililooshwa kwa maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa 9, ukate vipande vya pembeni, kila kimoja kikiwa na machipukizi 3 hadi 5 na mizizi yake. Kitovu kilichokauka tupa. Huruma hapa haina faida, hakitafufuka. Usiache vipande juani hata kwa nusu saa, vifunike kwa gunia lililolowa au jani la mgomba.

Panda kwa kina kile kile kilichokuwepo. Hapa ndipo wengi huharibu: wakifukia shingo ya mmea chini ya udongo mbichi, inaoza kwa wiki mbili na lawama inakwenda kwa muuzaji. Bonyeza udongo kwa viganja, mimina lita 2 za maji kwa kila kipande, kisha chomekea vitawi vya majani upande wa jua la mchana kwa siku 5 hadi 7. Baada ya wiki tatu au nne, machipukizi yakifika sentimita 12 au 15, kata ncha mara moja.

Ukiwa umekishika kichaka, kagua mizizi. Ikiwa na vifundo kama shanga, una minyoo fundo. Choma mmea huo, na mahali pake panda merigodi fupi za Kifaransa, zikiwa zimebanana kila sentimita 20, kwa miezi mitatu kabla ya kurudisha ua lingine. Mche mmoja mmoja wa merigodi hausaidii. Lazima ziwe zulia.

Vipandikizi ni njia nyingine, nyepesi kwa krisantemu. Tatizo letu ni kwamba karibu kila chipukizi lina tumba, na kipandikizi chenye tumba hushughulikia ua badala ya mizizi. Kata kichaka kizima kibaki sentimita 10, ngoja wiki tatu au nne, kisha chukua machipukizi mapya ya chini yenye sentimita 7 au 8. Kata chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wa ziwani uliooshwa uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi hutoka kwa wiki mbili hadi tatu. Chupa ikijaa umande mpaka ndani hakuonekani, ifungue kwa saa moja, la sivyo shina litageuka jeusi.

Swali: Udongo wangu ni mwekundu, mgumu kama murramu, na bondeni maji yanasimama. Niweke nini?
Kijana wa Wakiso

Jibu: Ni matatizo mawili, kijana. Pagumu panahitaji kuvunjwa: chimba sentimita 30, toa mawe, changanya ndoo ya lita 20 ya mboji iliyoiva kwa kila mita mbili za mraba, pamoja na konzi moja ya majivu ya kuni kwa kila mita, kwa kuwa udongo mwekundu wa vilimani mara nyingi una uchachu. Samadi ya kuku iwe nusu ya kipimo hicho na iwe imeoza wiki nane. Kwa bondeni, hata mboji ya dunia nzima haitamaliza maji yaliyosimama. Inua tuta sentimita 20 hadi 25 na uchimbe mfereji pembeni. Juu, tandaza makapi ya kahawa unene wa sentimita 5, lakini yasiguse mashina; acha nafasi ya upana wa kiganja, maana mchwa na uozo vyote hupitia hapo.

Swali: Huku Gulu kiangazi ni kikali. Nataka maua ya kudumu ambayo hayataniomba maji kila jioni kuanzia Desemba.
Dada wa Gulu

Jibu: Asta isahau, dada. Kaskazini kuna msimu mmoja mrefu wa mvua, Aprili hadi Oktoba hivi, kisha miezi mitatu minne ya ukavu na upepo. Tafuta mimea ya aina mbili: inayostahimili, na inayolala.

Katika inayostahimili, anza na pentasi, Pentas lanceolata, ambayo ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki: vishada vya nyota nyekundu, nyeupe au waridi, kimo cha mita moja, na vipepeo hawabanduki hapo. Ongeza gazania kwa ukingo wa mbele, gailardia nyekundu yenye kingo za njano, na plumbago ya samawati kwa nyuma. Gailardia huishi miaka miwili au mitatu tu, lakini hujisia. Gazania hufumba ua siku ya mawingu na jioni, kwa hiyo usiipande mahali unapokaa saa za jioni ukitegemea kuiona.

Inayolala ni hodari zaidi. Scadoxus multiflorus, lile ua jekundu la duara kama mpira wa moto, huishi chini kama kitunguu wakati wote wa kiangazi na kuchomoza mvua za kwanza zikianguka. Usilimwagilie likiwa limelala, litaoza. Gloriosa superba nayo ni mwenyeji, hupanda kwa ncha za majani yake zinazojisokota kama mkia, maua yake ni moto mtupu. Lakini sehemu zake zote zina sumu iitwayo kolikisini, na kiazi chake ndicho kibaya kuliko vyote. Kinaweza kudhaniwa ni kiazi kikuu kidogo. Penye watoto, mbuzi au anayechimba viazi bila kuuliza, usiupande.

Panda Aprili au Mei, si Oktoba, ili mizizi ipate miezi sita ya kushuka. Kiangazi kikifika, mwagilia kwa nadra na kwa kina: jerikeni moja ya lita 20 kwa mita moja ya mraba, mara moja kwa wiki, jioni. Kikombe kila siku hulowesha sentimita mbili za juu, na mizizi hufuata maji huko juu ikaungua. Maganda ya karanga ni matandazo mazuri na kwenu hayakosekani. Maji ya kufulia yanafaa mara moja moja tu, ya kusuuzia, maana chumvi ya sabuni hukusanyika na kuugandisha udongo.

Swali: Shangazi yangu wa London anataka kunitumia viazi vya pioni. Vitachanua Kampala?
Msomaji wa Kololo

Jibu: Havitachanua. Pioni hutaka majuma mengi ya baridi kali ndipo iamke, sawa na tulipu. Mwambie ashike nauli yake. Na akituma mmea mwingine wowote, unahitaji kibali cha kuingiza mimea cha Wizara ya Kilimo na cheti cha afya ya mimea kutoka huko. Kiazi kwenye sanduku la nguo kinaweza kuleta ugonjwa usiokuwepo nchini.

Swali: Maua yangu ya kukata hayamalizi siku tatu mezani.
Mhudumu wa hoteli, Fort Portal

Jibu: Kata asubuhi na mapema, ndoo ya maji ukiwa nayo bustanini. Asta ikatwe maua mawili matatu ya kwanza yakiwa yamefunguka kwenye kikonyo. Matumba yaliyofumba kabisa hayafunguki vizuri mezani. Krisantemu ingoje mpaka ua liwe karibu wazi. Ondoa kila jani litakalozama, kwa kuwa jani likioza linajaza maji vijidudu na vijidudu huziba kikonyo. Kwa lita moja ya maji tia kijiko kidogo cha sukari na matone manne ya dawa ya klorini. Badilisha kila siku ya pili na ukate kikonyo sentimita moja kila mara. Gerbera ni tofauti: shina lake lina vinyweleo na huoza upesi, hivyo chombo kiwe na maji ya sentimita 5 hadi 7 tu, na usilikate kwa kisu unapolivuna, lishike chini kabisa, lizungushe kidogo na kulivuta.